Vivuli vya Gati la Nne

Kila siku saa tatu asubuhi, kiongozi wa watalii aliwapanga wageni wake kwenye ngazi za posta na kuwaeleza vivutio vya mji kwa mpangilio uleule: ngome, mnara wa taa, soko la samaki, mwisho bandari. Bandari ilikuwa na magati manne, lakini msimamizi wake aliagiza wageni waishie la tatu, kwa sababu ya vumbi la saruji. Kiongozi hakuwahi kuona saruji ikishushwa pale.

Jumanne moja alimchanganya shemeji yake katika kundi la wageni, wakaipita kamba iliyofunga njia ya gati la nne. Mume wa huyu mama, kaka yake kiongozi, alikuwa kuli wa gati la nne. Miaka miwili nyuma hakurudi nyumbani, na barua ya ofisi ikasema ametoroka kazi.

Walikuta vivuli sita vikibeba magunia. Watu wenyewe hawakuwepo. Kivuli kimoja kilivuta mguu wa kushoto, gunia likiwa bega la upande huohuo.

"Huyo wangu," shemeji alisema. "Bado anabebea bega bovu."

Mgeni mmoja aliuliza kama vivuli hufanya kazi hata siku za mawingu. Kiongozi alisema ataulizia.

Msimamizi akaja na daftari la mahudhurio kwapani. Bila kuhesabu alisema viko sita, akavitaja kimoja kimoja kwa majina. Kiongozi alichungulia daftari. Majina hayo sita yalikuwa na ukurasa wao peke yao, ulioanzia siku waya wa kreni ulipokatika, miaka miwili nyuma, ajali ambayo ofisi ilisema haikumgusa mtu.

Shemeji alimwomba msimamizi jambo moja tu: barua iandikwe upya, iseme mumewe alifia kazini, watoto waache kuitwa wana wa mtoro.

"Mama, amekufaje na leo yupo kazini?"

"Basi hakutoroka."

"Barua ilishatoka, mama."

Mwezi uliofuata kamba iliondolewa, na kijitabu cha watalii kikaviweka vivuli mara baada ya soko la samaki. Kwenye gati la nne kiongozi humwachia shemeji awaeleze wageni. Saa sita, jua likiwa utosini, kivuli cha mumewe huja kupumzika miguuni pake, na wageni hupiga picha. Shuleni watoto wake bado wanaulizwa baba yao alitorokea wapi.