Bolti Iliyopakwa Haiguswi

Pikipiki ilikuwa inaning'inia bandani tangu asubuhi, na muda wote huo muuguzi hakuwa amekaa chini hata mara moja. Kamba mbili zilishuka kutoka kwenye boriti ya paa zikaushika usukani huku na huku. Chini ya injini baba yake aliweka kreti la mbao, na juu ya kreti kipande cha godoro kuukuu, maana chuma nacho, alisema mzee, kina mgongo. Gurudumu la mbele lilikuwa limeegemezwa ukutani. Shokapu zote mbili za mbele, zile nguzo zinazomeza mashimo ya barabara, zilikuwa zimechomolewa na kulazwa juu ya gazeti.

Ya kushoto ndiyo iliyoleta balaa. Sili yake, mpira mdogo usiozidi bangili ya mtoto, ulikuwa umechakaa, na oili ikawa inachuruzika mpaka kwenye breki. Jumatatu muuguzi alikuwa na zahanati tatu za kufika ng'ambo ya kilima, sanduku la chanjo nyuma ya kiti, na hakuna chanjo ya kuanguka.

Lakini shokapu ina dawa. Kilichomnyima raha siku hiyo kilikuwa baba yake.

Watu walimwita Mzee Chokaa, na jina lilitokana na kazi. Miaka thelathini na moja ya gereji, kila bolti aliyoikaza aliichorea mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kutoka kichwani mwa bolti hadi kwenye chuma cha pembeni. Bolti ikilegea, mstari unakatika, na hata kipofu wa ufundi anaona. Sheria zake zilikuwa tatu, na muuguzi alizijua kabla hajajua kusoma: isiyopakwa haijakazwa, iliyopakwa haiguswi, na aliyepaka ndiye anayepanda kwanza. "Ikianguka," mzee alikuwa akiwaambia wateja, "ianguke na mimi, sina mtu wa kumlaumu." Alipostaafu alihamishia gereji nyumbani, na sheria zikahama naye.

Asubuhi ile alikuwa ameitafuta spana namba kumi na mbili robo saa nzima, na spana ilikuwa mkononi mwake.

"Baba, unaitafuta au unaitembeza?" muuguzi alimtania.

Mzee alicheka. Binti naye alicheka, kisha akaitazama tena ile spana. Baadaye mzee aliuliza oili itiwe kiasi gani, akajibiwa, akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu muuguzi alijibu kwa sauti ileile aliyotumia kwa wagonjwa wazee, na akajichukia kwa hilo.

Hata hivyo mikono ya mzee ilikuwa haina wasiwasi. Ilitoa sili ya zamani bila kukwaruza bomba, ikasukuma mpya taratibu kwa kipande cha mpira, ikapima oili kwa chupa ya kunyonyeshea ambayo muuguzi mwenyewe aliinyonya.

"Hii chupa imelea watu wawili, mama," mzee alisema. Alimwita binti yake mama, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Wewe na pikipiki. Na pikipiki haijawahi kulia usiku."

Shokapu zikarudi mahali pake, gurudumu likarudi. Zilibaki bolti nne za kubana shokapu kwenye mabano, vile vyuma vinavyozishika chini ya usukani, mbili kulia na mbili kushoto. Mzee alikuwa amekaza za kulia na kuhamia kushoto simu ya muuguzi ilipolia. Zahanati. Jokofu la chanjo limezimika, wafanye nini? Mtandao ulishika vizuri getini tu, basi akatoka, akawaelekeza pa kuhamishia chanjo, wakabishana, wakaelewana. Huko nyuma ya nyumba mama yake alikuwa anafua mablanketi, na maji yalisikika yakimwagwa.

Aliporudi, kamba zilikuwa zimefunguliwa, pikipiki imesimama chini, na bolti zote nne zilikuwa na mstari mweupe unaong'aa. Mzee alikuwa ameingia ndani kuchukua helmeti.

Muuguzi hakukusudia kukagua. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Kidole chake kilipita tu juu ya bolti ya chini kushoto, na bolti ikazunguka. Ilizunguka kirahisi, bila ukaidi wowote, na mstari mweupe ukakatika katikati, rangi mbichi ikabaki kidoleni. Alijaribu ya juu yake. Nayo ikazunguka.

Akachuchumaa.

Miaka sita alikuwa amepanda juu ya mistari ile. Kila aliposhuka kilima mvua ikinyesha, kila lori lilipompita karibu, alikuwa akiinamisha macho kidogo, anaona weupe, roho inatulia. Sasa aliwaza mistari yote asiyoiona. Gurudumu lake la nyuma mwezi uliopita. Mwalimu, jirani yao, anayempakia mtoto mbele. Na muuza maziwa, ambaye wiki iliyopita tu mzee alimfungia gurudumu la mbele, na ambaye kila alfajiri anateremka kwa kasi na madumu manne.

Nje ya geti barabara iliteremka moja kwa moja hadi kwenye njia kuu ya malori. Huko ndiko mzee alikokuwa akijaribia pikipiki zote.

Aliokota spana haraka, lakini kabla hajaifikisha kwenye bolti akasikia kandambili nyuma yake.

"Unafanya nini hapo?"

"Nafuta uchafu, baba."

"Uchafu unafutwa kwa spana siku hizi?" Mzee alikuwa amevaa helmeti tayari, mkanda umebana kidevu. "Iliyopakwa haiguswi. Nipishe."

"Acha leo nianze mimi."

"Umepaka wewe?"

"Basi ule kwanza, baba. Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

"Nitakula nikirudi." Akakaa kwenye kiti, akatia ufunguo, akawasha. Injini iliitika mara moja, na uso wa mzee ukanawiri kwa furaha kiasi kwamba muuguzi alitamani dunia isimame hapohapo. Alikuwa amewahi kuwaambia watu habari za vifo, amewashika mikono na kuwaambia. Hili lilimshinda.

"Mwambie," mama yake akasema.

Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, blanketi lililolowa mabegani, maji yanamtiririka hadi miguuni. Alikuwa anakitazama kidole cha binti yake chenye rangi.

Muuguzi akanyoosha mkono, akazima ufunguo. Kisha, mbele ya macho ya baba yake, akaishika bolti ya chini kushoto kwa vidole viwili na kuizungusha. Nusu mzunguko. Mzunguko mzima.

Mzee aliitazama ile bolti. Akavua helmeti polepole.

"Nilikaza," alisema.

"Za kulia ulikaza, baba."

"Nilikaza zote." Lakini sauti ilikuwa imeshapungua. Akauinua mkono wake wa kulia, akautazama mbele na nyuma, kana kwamba mkono ndio uliomsengenya.

"Ya muuza maziwa niliikaza mimi," mama akasema. "Na ya mwalimu. Ukiingia kunawa na kufuata helmeti, napita na spana, nikimaliza napaka upya. Leo nilijua mtoto yuko na wewe, ndiyo maana nikaenda kufua."

Muuguzi aligeuka akamkodolea macho. Mama huyuhuyu ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwona akishika hata bisibisi!

"Mama, tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika."

"Na hukuniambia? Mficha maradhi, mama—"

"Usinisomee methali nyumbani kwangu," mama alisema, na machozi yakamtoka. "Nilisema kesho. Kila siku nikasema kesho."

Mzee alishuka, akaiegemeza pikipiki kwenye stendi yake kwa uangalifu uleule wa siku zote. Akaokota spana akakaza bolti za kushoto, moja baada ya nyingine, mpaka mishipa ya mkono ikasimama. Halafu akachukua kopo la rangi, na muuguzi akadhani atapaka. Mzee akalizungushazungusha kopo mikononi, akampa.

"Jaribu kwanza, mama. Zote nne. Ukiridhika, upake wewe."

Muuguzi alijaribu. Hazikutikisika. Alifuta mistari ya zamani kwa tambara lenye petroli, akachora mipya, na kwa kuwa hakuwa amezoea, mistari ikatoka imepinda. Mzee aliiangalia, akaguna, hakusahihisha.

"Aliyepaka," akasema, na kumvalisha helmeti.

Muuguzi aliteremka hadi njia kuu na kurudi. Alishika breki kwa nguvu mara tatu makusudi, na shokapu zikashuka na kupanda kwa upole, oili haikuonekana. Wazee wake walikuwa wamesimama getini, mahali alipozoea kusimama yeye, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi baba yake anavyosubiri: mikono nyuma, shingo imenyooka, hapumui.

Alipozima injini mzee alikuja, akaukandamiza usukani kwa viganja viwili na kusikiliza ukipanda. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Hii kazi nzuri," alisema. "Nani kaifunga?"

Muuguzi alimtazama machoni kutafuta utani. Huo ulikuwa utani wake wa zamani na wateja, aliurudia miaka nenda miaka rudi. Alitafuta, hakuwa na hakika.

"Wewe, baba. Mimi nimepaka."

Mzee aliusogeza mkono karibu na ule mstari uliopinda, bila kuugusa.

"Likariri hilo jibu, mama," akasema. "Kesho nitakuuliza tena."