Mbuzi wa Ghorofa ya Tatu

Mtoto wao walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka mitano, na tangu wahamie ugenini alikuwa ameidaka lugha ya wenyeji huko chekechea kama watoto wanavyodaka mafua. Mama yake, mshona pindo za mapazia kiwandani, alikuwa na neno moja tu la lugha hiyo, nalo ni "ndiyo". Neno hilo lilimvusha dukani, kazini na kwenye ngazi, mpaka siku bomba lilipoanza kulia.

Lilikuwa bomba la kupasha nyumba joto, nalo lilipita ndani ya ukuta wa sebule. Kila lilipopata moto lilitoa sauti, "Meee!", likatulia, kisha likarudia kwa uchungu zaidi.

Baba Chiriku, fundi wa kuchomelea vyuma, alitega sikio ukutani. "Hewa imenasa humu. Ningekuwa na ufunguo wake ningeitoa sasa hivi. Mwambieni msimamizi," akasema, akaenda zake kazini.

Basi Mama Chiriku akamshika mwanawe mkono, wakashuka kwa msimamizi wa jengo, mtu wa masharubu mazito na kitita cha funguo kiunoni.

"Mwambie bomba letu linalia kama mbuzi."

Chiriku akasema. Masharubu yakasimama. Msimamizi akauliza kitu.

"Anauliza una uhakika?"

"Ndiyo," akajibu mama mwenyewe, kwa lugha ya wenyeji na kwa madaha.

Msimamizi akapanda nao hadi ghorofa ya tatu, akabandika sikio ukutani. "Meee!" Akaruka nyuma. Kisha akaupapasa ukuta na kuunong'oneza maneno laini laini. Mama Chiriku hakuwahi kuona fundi anayebembeleza bomba, lakini alijiambia kila nchi na yake.

Jioni mlango ukagongwa. Alikuwa bibi wa ghorofa ya nne, amekumbatia kabichi. Hakulitia mkononi mwa mwenye nyumba. Aliliweka sakafuni, chini ya ukuta, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaondoka. Kesho yake jirani wa mkabala akaleta karoti na majani yake. Kijana wa chini akaleta kabichi jingine na beseni la maji.

"Ama kweli watu hawa wana ukarimu," alisema Baba Chiriku akilikatakata kabichi la pili. "Ila maji ya nini?"

"Labda wamesikia tunakula kabichi kavu," alijibu mkewe.

Walikula kabichi mpaka wakaanza kunuka kabichi. Hatimaye, siku ya mapumziko, wakaja watu. Mbele alitangulia afisa wa mifugo amebeba kamba na wavu. Nyuma yake msimamizi na nyundo kubwa ya kubomolea. Nyuma yao majirani, wamejaa ngazi nzima kama wanaosubiri bibi harusi atoke.

Afisa akauliza swali refu. "Ndiyo" ilikwisha fika kwenye ulimi wa Mama Chiriku, lakini alipoiona ile nyundo ikamkwama kooni.

"Chiriku, hawa wanataka nini?"

"Kumtoa mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa ukutani. Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema *kama* mbuzi!"

"Neno la 'kama' bado hatujafundishwa," alisema Chiriku, wala hakuona kosa lake liko wapi.

Baba Chiriku alikuwa tayari amesimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua. Akamwonyesha msimamizi kwa vidole: ufunguo, zungusha, hapa. Ulikuwemo kwenye kitita muda wote. Msimamizi akaupachika, akazungusha. Bomba likashusha pumzi ndefu, likatema matone ya maji meusi, likanyamaza. Wote wakasikiliza. Kimya.

"Waambie yamekwisha," alisema Baba Chiriku, akijifuta jasho.

Chiriku akawaambia. Afisa akavua kofia. Bibi wa ghorofa ya nne akaangua kilio.

"Umesemaje tena?"

"Nimesema amekwisha."

Afisa akawapa mkono wa pole, baba kwanza, kisha mama, akashuka taratibu na wavu wake mtupu. Mama Chiriku alijikaza asicheke, akajikaza mpaka machozi yakamtoka. Majirani walipoyaona wakampigapiga mgongoni: jikaze, dada, jikaze.

Ngazi zilipobaki tupu, alipanda juu peke yake. Bibi alikuwa jikoni kwake, macho mekundu. Mama Chiriku akalionyesha bomba lililokuwa chini ya dirisha. "Meee," akalia. Akaligonga bomba. "Meee." Akaligonga tena.

Bibi akamkodolea macho. Kisha akakaa kitini, akacheka hata mtandio ukamdondoka. Alipopata pumzi aliligonga bomba mwenyewe, akatamka neno moja, polepole. Mama Chiriku akalirudia. Wakahamia kwenye neno la meza. Wakaja kwenye mlango, sufuria, kijiko.

Baba na mwana walipopanda kumtafuta, waliwakuta wanawake wawili wamechutama, wanakitaja kimoja kimoja kila kilichokuwa chini ya sinki. Chiriku akajitosa kutafsiri.

"Nyamaza kidogo, mwanangu," alisema mama yake bila kugeuka. "Watu wazima wanazungumza."