Nywele za Mtu Mwingine

Mwihaki alisimama kando ya meza ya chuma alipolazwa mama yake, mfuko wa nguo za marehemu mkononi, na hakusikia chochote. Si uchungu, si baridi ya mochari. Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni jeupe la kina mama wa kanisa na kitambaa cha buluu cha kichwani. Alivipiga pasi asubuhi hiyo, nyumbani Kawangware.

Ng'ambo ya meza walikuwepo kaka yake Ken na mkewe Nyakio, waliotoka Karen kwa matajiri. Nyakio naye alikuwa na mfuko: suti ya hariri na wigi.

"Mazishi itaenda laivu, sista," Ken alisema. "Watu wa Amerika watakuwa wanaangalia. Lazima Mathe wetu akae poa."

Mama, alipokuwa bado na nguvu za kucheka, alimwambia Mwihaki hivi: "Nikifa, mke wa Ken asije akanivika nywele za mtu mwingine. Nifike mbinguni waniulize mimi ni nani?" Walicheka wote wawili. Kisha mama akamshika mkono. "Niahidi." Mwihaki akaahidi.

Sasa tuseme ukweli, maana kuna watu hupenda kusahau. Ken alipokwenda shule ya bweni, Mwihaki aliacha masomo darasa la saba ili mama asibaki peke yake. Kitanda kizuri, Ken. Paja la kuku, Ken. Katika shule ya Jumapili walikaa benchi moja na kufundishwa neno moja: Yesu, kisha wengine, kisha wewe. Mmoja akaamini, mwingine akazoea kutangulizwa. Ndivyo unyenyekevu ulivyogawanywa katika nyumba ile, na katika nyumba nyingi mnazozijua. Lakini msimwone Mwihaki mjinga. Alipisha kwa hiari yake, kwa ajili ya Kristo, na hakujuta.

"Anavaa gani?" aliuliza Ndambuki, mhudumu wa mochari. "Kuna familia zingine nje."

"Hii." Nyakio alimnyooshea wigi.

"Alitaka sare yake," Mwihaki alisema polepole.

"Sista, hata wewe! Hiyo kitambaa ni ya kwenda soko." Ken akamgeukia Ndambuki. "Wewe fanya tu. Huyu hana shida. Hajawahi kuwa na shida."

Ilikuwa kweli. Neno lilikuwa tayari mdomoni: sawa tu. Alikuwa amelisema miaka mingi hata likawa linatoka lenyewe. Akamtazama mama yake, zile mvi fupi, ule mdomo usioweza tena kuomba kitu. Akaona jambo jepesi kabisa: humu ndani mlikuwa na mtu mmoja aliye chini kuliko yeye.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hiyo wigi Mama havalishwi. Ken, mimi nimekupisha, na nitakupisha tena. Kesho mazishini keti mbele, ongea wa kwanza, mimi nitakuwa kule nyuma na masufuria. Lakini nafasi ya Mama si yangu. Siwezi kukupa."

Ken akacheka kidogo. "Ati leo umekuwa bosi?"

"Sijakuwa. Nisaidieni, ama mtoke."

Hakuinua sauti. Alingoja hasira ije, au fahari, au hata machozi. Hakuna kilichokuja. Ken akatoka na simu sikioni, ingawa haikuwa imelia.

Mwihaki akavaa glavu, akafungua vifungo vya gauni. Mkono wa kulia ulikuwa mgumu. Ndambuki aliukunja taratibu, wakaupitisha. Kikabaki kitambaa, na kitambaa kilihitaji mtu wa kuinua kichwa.

Nyakio alikuwa bado amesimama palepale. Akaangalia mlango aliopitia mumewe, akairudisha wigi mfukoni, akavua pete.

"Nishike wapi, wifi?"

"Chini ya shingo," Mwihaki alisema. "Usiogope. Inua."