Umbu Tunggu Hakukataa

Rambu Mbangi alikuwa akimwaga kahawa ya jana ya babake na kumtilia ya leo, pale gari la watu wa nishati lilipoingia kijijini na kipaza sauti juu ya paa. Babake alikuwa amekaa pembeni mwa chumba cha nyuma, magoti kifuani, amezungushiwa nguo za kufuma moja juu ya nyingine hata usingejua bega liko wapi na kichwa kinaanzia wapi. Alikuwa amekufa tangu mvua za mwaka juzi. Kuzikwa ndiko kulikokuwa bado, maana mazishi ya mtu kama Umbu Tunggu yanataka nyati, na yanataka farasi wake mwenyewe wa kumpeleka kwa wazee waliotangulia, na farasi huyo siku hizi alikuwa amekonda hata mbavu zinaonekana. Mtu mzima hapandi farasi wa namna hiyo kwenda kwa wakubwa zake. Basi alikaa, akiletewa kahawa asubuhi na tambuu jioni, na pale kijijini Parai Lindi hakuna aliyemwita marehemu. Mtu huwa marehemu akishafunikwa jiwe.

Farasi alikonda kwa sababu ya kilima. Kilima chote cha malisho nyuma ya kijiji kilikuwa kimezungushiwa wavu wa chuma, na ndani yake paneli nyeusi za kuvuna jua zimelala safu kwa safu, zote zikitazama upande mmoja kama watu kanisani. Umeme wake ulipita juu ya mapaa ya kijiji kwa nyaya nene ukaenda mjini na kwenye hoteli ya ufukweni, wala haukuteremka njiani. Wanakijiji walikaa na koroboi zao. Waya mmoja tu uliteremka, kwenye nyumba ya Umbu Nggaba, mdogo wake Umbu Tunggu, ambaye sasa alikuwa na friji na aliuza barafu.

Ukimuuliza Rambu Mbangi kilima kilikwendaje, atakwambia hajui, halafu atakwambia. Siku walipokuja kukiomba, yeye alikuwa mtoni anaosha nyuzi. Umbu Nggaba ndiye aliyewaingiza wageni. Wakakaa kwa adabu mbele ya mwenye nyumba, wakamwekea sahani ya tambuu, popoo na chokaa, wakamuuliza kama anakubali kilima kitumike kwa manufaa ya wote. Desturi ya huko ni kwamba anayekataa huisukuma sahani kwa nyuma ya mkono. Waliuliza mara tatu, kama inavyotakiwa. Sahani haikusukumwa. Wakashukuru, wakainuka, na kabla ya mwezi kuandama watu wa wavu wakafika. Hakuna aliyesema uongo. Umbu Tunggu hakukataa.

Hilo ndilo lililomkwama Rambu Mbangi kooni kama mwiba wa samaki. Uongo angeupinga. Hili lilikuwa kweli.

Sasa wamerudi tena, na safari hii walisema wamekuja kuelimisha. Mkubwa wao alikuwa Bwana Gerson, mtu mnene mcheshi wa mjini, mwenye taulo shingoni. Aliwakusanya watu uwanjani, katikati ya makaburi ya mawe, akawaeleza ubaya wa moshi wa koroboi na uzuri wa jua.

"Jua halina bili," alisema. "Na haliishi."

"Ng'ombe wangu nao walikuwa hawaishi," akasema bibi mmoja aliyekaa juu ya kaburi la mumewe. Watu wakacheka, na Bwana Gerson akacheka nao.

Kila nyumba ilipewa taa moja na paneli ndogo ya kuwekwa juu ya paa. Mchana taa inaunganishwa na paneli inakula jua. Jioni inatolewa inawaka. Bwana Gerson aliwafundisha kupunguza mwanga wasipouhitaji na kuzima wakitoka chumbani, kwa sababu kutumia nishati ni jambo moja na kuipoteza ni jambo jingine. Aliwafanya warudie kwa sauti. Walirudia.

Zamu ya Rambu Mbangi ilipofika, hakunyoosha mkono.

"Mnataka nini safari hii?"

"Hatutaki kitu, Mama. Ni zawadi."

"Mtu asiyetaka kitu hatoki mjini kwenye jua kama hili."

"Chukua tu, utaona mwenyewe."

"Wahenga walisema, akumulikaye mchana, usiku atakuchoma."

"Ndiyo maana haiwashwi mchana," akasema Bwana Gerson, akamwekea taa mkononi. Rambu Mbangi aliibeba kwa vidole viwili, kama anayeshika panya mkiani.

Aliifungia kabatini siku kadhaa, akiinusa mara kwa mara asubuhi. Haikuwa na harufu yoyote, na hilo nalo likamtia shaka. Lakini mafuta ya koroboi yalipokwisha hakuwa na budi, maana mtu aliyelala haachwi gizani. Akailisha jua kutwa, na magharibi akaipeleka chumba cha nyuma, akaiwasha miguuni pa babake.

Babake akakohoa.

"Leo kumekucha mapema," akasema. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu anayesema akiwa amejifunika shuka.

"Hakujakucha, Baba. Ni taa."

"Taa gani hii ina jua ndani?"

"Ya mradi."

Jambo lenyewe halikuwa gumu kulielewa, na majirani walilielewa mara moja walipoambiwa. Mafuta ya koroboi yanatoka chini ya ardhi, ambako ni usiku siku zote. Hayawezi kumwamsha mtu. Taa hii ilitoa mwanga wa mchana uleule ulioshuka juu ya paa, na Umbu Tunggu tangu ujana wake alikuwa mtu wa kuamka na jua. Jua lenyewe lisingeweza kumfikia. Chumba hakikuwa na dirisha, na kwa desturi mtu asiyezikwa hatolewi juani. Akitolewa, hiyo ndiyo siku yake ya kuzikwa.

Rambu Mbangi hakuridhika upesi. Alisogea karibu.

"Kama ni wewe, nani alinifundisha kufunga nyuzi kabla ya kuzitia rangi?"

"Mama yako. Ulifunga ovyo, akakufumulia zote, ukanuna siku nzima ukanigomea na chakula."

Hapo akajua ni yeye. Akalia, kwa sababu alikuwa amemkumbuka mno, na kwa miaka yote hiyo ya kahawa na tambuu hakuwa amepata nafasi ya kumwambia. Akamwambia. Babake akasema amesikia.

Kisha akauliza, "Farasi wangu yuko wapi?"

"Nje, amefungwa kamba."

"Kwa nini hayuko kilimani?"

"Kilima ulikitoa."

"Nilikitoa lini?"

"Walikuja na Baba Mdogo wakakuuliza mara tatu. Hukukataa."

Umbu Tunggu akafikiri.

"Nilikuwa nimekufa," akasema.

"Wanajua."

"Na Nggaba anajua?"

"Ndiye aliyewafungulia mlango. Siku hizi ana friji."

"Mh," akasema babake. Alipokuwa hai, neno hilo liliweza kumnyima mtu usingizi wiki nzima.

Bwana Gerson aliporudi kukagua taa zinavyofanya kazi, Rambu Mbangi alimwomba asubiri jua litue. Giza liliposhika, vijana wawili wa ukoo walimbeba Umbu Tunggu kwenye mkeka hadi uwanjani, Rambu Mbangi akitangulia na taa. Watu walisogea kumpa nafasi. Bwana Gerson akainuka, akamwamkia kwa heshima na kumuuliza habari za siku nyingi.

"Nzuri," akasema Umbu Tunggu. "Kilima sikukitoa. Ondoeni wavu, farasi wangu ana njaa."

Sahani ya tambuu iliwekwa mbele yake. Mikono yake ilikuwa ndani ya nguo, haikuweza kutoka, basi Rambu Mbangi akaisukuma kwa niaba yake, kwa nyuma ya mkono, hata popoo zikabingirika. Umbu Nggaba aliziokota moja moja, bila kumtazama kaka yake.

"Kaka amechoka," akasema. "Arudishwe ndani."

"Sijachoka. Nimelala miaka miwili."

Bwana Gerson alifuta shingo kwa taulo. Halikuwa jambo la kumfurahisha, ukweli usemwe. Alikuwa mtu mwema kadiri kazi yake ilivyomruhusu.

"Mzee wangu, heshima yako iko palepale," akasema. "Lakini wewe umeshafariki. Aliyefariki hawezi kuvunja makubaliano."

"Ila kuyafanya anaweza?" akauliza Rambu Mbangi.

"Aliyafanya kwa kutokataa, Mama. Kutokataa hakuhitaji uhai. Kukataa kunahitaji."

"Na mimi niliye hai nikikataa?"

"Wewe una uhai, lakini ardhi si yako. Ardhi ni ya mzee mpaka azikwe. Akishazikwa, ni ya Umbu Nggaba."

Watu walitazama chini. Kila mmoja aliyasikia maneno hayo, na kila mmoja aliona yamepangwa sawasawa, na ubaya wake ulikuwa hapohapo. Rambu Mbangi aliona uchungu hata masikio yakamuuma. Alikuwa amemhifadhi babake asizikwe, si kwa ajili ya farasi tu bali pia ili ardhi isiende kwa ami yake, kumbe kukaa kwake vilevile ndiko kulikowapa mtu wa kumuuliza.

Kabla ya kuondoka Bwana Gerson alichuchumaa mbele ya mkeka. "Mzee, na taa yenyewe unaionaje?"

"Nzuri," akasema Umbu Tunggu, ambaye hakuwahi kusema uongo ili amkomoe mtu. "Haina moshi. Inaangaza vizuri."

Baadaye sauti hiyo, kumbe ilikuwa imerekodiwa, ilisikika kwenye kipaza sauti katika vijiji vya mbali, ikisema haina moshi, inaangaza vizuri, na watu wa huko wakazipokea taa bila ubishi wowote.

"Umeisifia ya nini?" Rambu Mbangi alimuuliza walipofika nyumbani. Alikuwa amekasirika kwelikweli.

"Ni taa nzuri, mwanangu. Taa haikuiba kilima."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Baba."

"Mimi nina nguo nyingi. Nitakitafuta humo."

Tangu hapo Rambu Mbangi hakutoka tena mchana. Alihamishia kitanda chake cha kufumia nguo mlangoni, akamkagua kila apitaye, na barafu aliyoletewa na Umbu Nggaba aliimwaga chini, akasubiri iyeyuke aone kilichomo. Jioni alikaa na babake, taa ikiwaka, wakizungumza kuhusu farasi na marehemu mama na watu waliokuwa wakidaiwa salamu. Wakati mwingine walizungumza hata taa ikazimika yenyewe.

Siku moja walikuja adhuhuri. Umbu Nggaba mbele, Bwana Gerson nyuma, na sahani. Safari hii waliomba bonde la chemchemi, ambako paneli nyingine zingewekwa.

"Njooni jioni," akasema Rambu Mbangi, amesimama mlangoni. "Aseme mwenyewe."

"Jioni ofisi imefungwa, Mama," akasema Bwana Gerson, na alilisema kwa masikitiko.

Wakampita. Rambu Mbangi alikimbia nje, akapanda juu ya paa, akaichomoa taa, akashuka nayo hadi chumba cha nyuma. Ilikuwa haijala jua la kutosha. Iliwaka kwa kiasi cha kumfanya Umbu Tunggu avute pumzi, ya mtu anayetaka kuanza neno, kisha ikafifia ikazimika, na pumzi ikashuka bila neno. Bwana Gerson alisubiri kidogo, kwa adabu. Kisha akauliza mara ya kwanza, na ya pili.

Rambu Mbangi akaisukuma sahani. Umbu Nggaba akairudisha mahali pake.

"Wewe hukuulizwa, mwanangu," akasema taratibu.

Wakauliza mara ya tatu.

Magharibi aliwasha taa tena, ikiwa na jua la nusu siku.

"Nasikia harufu ya tambuu mbichi," akasema babake. "Nani alikuja?"

"Baba Mdogo, na yule wa mjini. Wameomba bonde la chemchemi."

"Nilisema nini?"

"Hukusema kitu."

"Basi wamechukua."

"Wamechukua."

Umbu Tunggu aliomba awekewe kipande cha popoo, akawekewa kati ya nguo, pale mdomo ulipodhaniwa kuwa.

"Wakija tena, uwaambie nimekataa."

"Nitawaambia."

"Watakusikia?"

"Hawatanisikia, Baba."

"Uwaambie hivyo hivyo," akasema. "Na upunguze mwanga kidogo, tusiimalize. Bado hujanipa habari za farasi."

Rambu Mbangi akapunguza mwanga kama walivyofundishwa. Nje, farasi alikuwa akitafuna kamba yake.