Ukurasa wa Kushoto

Bibi harusi alikuwa fundi wa meno bandia. Kutwa alishinda na vinywa vya watu vilivyomiminwa kwa plasta, akichonga nta na kusugua magego, na aliamini kinywa hakiwezi kumficha kitu. Alipoolewa na mpima ardhi, mgane mwenye watoto wawili, hakuogopa. Watoto walimwita Anti. Wa miaka saba alijulikana kama Dada; wa miaka minne, kwa jinsi alivyopenda kula, aliitwa Kitumbo.

Kasheshe ilikuwa kitabu cha kusomewa kabla ya kulala. Kilikuwa cha picha, habari za bata anayetafuta pa kulala. Ukurasa wa kulia ulikuwa wa Kiswahili. Wa kushoto ulikuwa wa lugha ya marehemu mama yao, herufi zimejipinda, na Anti hakuambulia hata moja.

"Mama alikuwa anasoma pande zote mbili," Dada alisema siku ya kwanza, akakifunga.

Anti alimuuliza mumewe. Mpima ardhi akacheka kidogo. "Mimi nilikomea kwenye salamu tu. Muulize Dada."

Basi Dada akawa mwalimu. Alitamka, Anti akamfuata, akimwangalia midomo kama anavyoangalia kazini: ulimi unagusa wapi, pumzi inatokea wapi. Haikupita muda akawa anateleza ukurasa baada ya ukurasa. Mama wa kambo gani mwingine angejipinda hivyo? Moyoni alijipongeza.

Ila ukurasa wa mwisho ulikuwa na vituko vyake. Bata kishapata kiota, kalala zake, na Kiswahili chake kilikuwa sentensi moja fupi. Upande wa kushoto nao ulikuwa na mstari mmoja, lakini Dada alimfundisha maneno mengi, mengi kupita yale yaliyoandikwa.

"Lugha yetu ndivyo ilivyo," Dada alisema. "Sema kwa sauti, Anti. Zaidi. Geukia mlangoni."

Anti akadhani ni mchezo. Lakini Kitumbo, kila wakifika hapo, alijifunika shuka gubigubi, na asubuhi godoro lilikuwa limelowa. Chumbani kwa watu wazima nako mambo yalianza kumtatiza. Mto wake aliukuta sakafuni. Nguo zake za kabati alizikuta zimesogezwa upande mmoja, upande wa pili umeachwa wazi, kama kuna mtu anatayarishiwa nafasi. Alipouliza, Dada alimtazama tu kwa upole uliomsisimua mwili.

Kisha mama mkubwa wa watoto, dada wa marehemu, akaja kuwatembelea. Alikuwa sebuleni anakunja nguo za wanawe hao wakati Anti anasoma. Kurasa za mwanzo alisikika akicheka kwa furaha. Ulipofika wa mwisho, kicheko kikakatika. Alikuja mlangoni, shati la Kitumbo mkononi, uso umempauka.

"Mdogo wangu, njoo huku."

Wakaingia jikoni. "Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Dada. Nimekosea matamshi?"

"Ungekosea ingekuwa afadhali." Mama mkubwa alishusha sauti. "Unasema: mwenye nyumba, rudi. Kitandani mwako nimelala mimi. Njoo unitoe, mlango uko wazi. Kila siku unasema hivyo?"

Anti alishika ukingo wa sinki. "Kila siku. Hata mume wangu akiwepo. Naye huwa anasimama pale koridoni kusikiliza. Bahati nzuri hajui lugha."

"Shemeji?" Mama mkubwa alimkazia macho. "Shemeji anaiongea kunishinda mimi. Ndiyo aliyomposea marehemu."

Anti alirudi chumbani akapiga magoti kando ya kitanda. "Dada, mbona ulinifanyia hivyo?"

"Mimi nimemwita sana, haji," mtoto alisema bila haya wala hasira. "Nikaona labda anamwonea aibu mgeni. Ukimkaribisha wewe mwenyewe, atakuja."

"Mimi sitaki aje," Kitumbo akalia ndani ya shuka. "Siku ile nilipomshika alikuwa baridi."

Mama mkubwa alipoaga, mpima ardhi alirudi kazini na ile miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kipimo begani. Anti hakumngoja hata avue viatu.

"Ulikuwa unaelewa."

Mume akaiegemeza ile miguu ukutani, taratibu mno. Hakukana. "Ukisoma pale mwishoni," alisema, "sauti inakuwa yake. Siyo kufanana. Yake. Ningekukatiza vipi?"

"Nimejitolea mwenyewe niondolewe, na wewe umesimama unasikiliza!"

"Nilitaka kuisikia tu."

"Kesho kitanda chake kile tunacholalia kinatoka humu ndani."

"Usikiguse." Hakuwahi kumpandishia sauti, na hata sasa hakuipandisha, aliishusha, na hilo ndilo lililomtisha mkewe.

Anti alichukua blanketi akaenda kwa watoto. Kitumbo alimrukia shingoni. Dada naye, baada ya kufikiri, akasogea ukutani kumpisha. Wakabanana watatu kitandani, hakuna aliyetaka kusomewa kitu.

Kutoka sebuleni alisikia mumewe akiburuta kiti, kisha komeo la mlango wa nje likifunguliwa. Upepo ukapita koridoni ukatikisa pazia la chumba cha watoto. Anti alisubiri asikie nyayo zikitoka, au mlango ukifungwa tena. Hakusikia kimojawapo. Alisikia kiti kikilia tu, kama mtu aliyekaa anageuka vizuri kuelekea nje, kungoja.