Chupa Iliyoinuliwa Juani

Wanaonunua petroli kwenye meza yangu kando ya barabara huinua chupa juani kwanza, waone kama kuna maji chini. Phinées, dereva wa teksi kati ya Butembo na Beni, ndiye pekee ambaye hakuwahi kufanya hivyo. Asubuhi ile alipoinua chupa yangu na kuitazama, nilishusha macho.

"Emérence, gari inazimika ku mulima kila siku," alisema taratibu. "Bantu banasema unatiaka maji mu essence."

Kwetu petroli ndiyo essence, na wateja wengine walikuwa wamekwisha kuhamia meza ya jirani anayeiuza pia. Nikasema tu, "Siku ya mvua gari haizimikake."

Siku za mvua alirudi mapema, siku za jua alichelewa. Nilijua kwa sababu nilikuwa namngoja, lakini hilo sikulisema. Phinées akanipeleka kwa Jéthro, fundi wake, nirudie maneno hayo ya mvua.

Jéthro alinisikiliza akicheka. "Basi tupande mulima. Mama wa essence akae mbele, aone na macho yake."

Tulielekea mlima wa Kabasha. Moteri ilipopata moto, gari ikakohoa na kuzimika. Phinées alizungusha ufunguo bure. Jéthro alifungua kapo, kifuniko cha injini, akamwagia maji baridi kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa moteri, kile kinachopima mzunguko wake. Wao hukiita kapteri.

"Jaribu."

Gari ikawaka.

"Essence iko muzuri," Jéthro alisema. "Ni kapteri ndio inachoka na moto. Inazeeka sawa wewe, Phinées."

"Mimi sizimikake ku mulima."

"Tutauliza bibi yako, siku utapata mumoja."

Nilitazama nje ya dirisha, masikio yakiniwaka.

Kapteri nyingine ilikuja na pikipiki kutoka Beni. Jéthro alifungua boluti, akachomoa ile ya zamani, akapangusa tundu, akaingiza mpya na kurudisha waya wake. Tulipanda tena Kabasha katika jua kali. Hapakuwa na kikohozi hadi juu.

Tuliporudi, Phinées alisimamisha gari mbele ya meza yangu, majirani wakitazama. Nilichukua chupa, nikaiinua juani kwa ajili yake. Akanishika mkono, akaushusha polepole.

"Hapana, Emérence. Mimina tu."

Nikamimina. Nilikuwa namtazama yeye, petroli kidogo ikamwagikia kiatu chake.

"Na kesho," alisema, akiangalia kiatu, "hata jua ikiwa kali, nitarudi mapema."