Eneo Wazi

Ramani ilibandikwa nje ya ofisi ya halmashauri siku ya Jumatatu, na kufikia Jumanne jioni vidole vya watu vilikuwa vimeshaichafua. Bi Kamba alifika Jumatano, mikono bado ina udongo. Akavaa miwani, akatafuta shamba lake. Hakuliona. Pale alipokuwa ameacha kabichi, vitunguu na matuta manne ya maharage asubuhi ile ile, ramani ilikuwa nyeupe pe, na katikati ya weupe huo yalikaa maneno mawili: ENEO WAZI. Chini yake, kwa herufi ndogo: makazi ya baadaye, nyumba sitini.

"Wazi?" alisema kwa sauti. "Wazi ni mdomo wa aliyeandika haya."

Mlinzi wa mlangoni alicheka, kisha akakumbuka anakula mshahara wa nani, akanyamaza.

Jina la Bi Kamba alipewa na wakulima wenzake, kwa kuwa hakupanda hata mche mmoja bila kwanza kuvuta kamba na kuipima kwa mafundo. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwenye vipande viwili vya ardhi pale mji ulipoishia. Kimoja kilikuwa bondeni, kimepakana na shamba la shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kingine kilikuwa juu kwenye kilima cha mawe, ambako hata magugu yaliota kwa shingo upande. Kati ya bonde na mtaa mpya wa nyumba za vigae vyekundu ulisimama ukuta mrefu wa matofali.

Aliporudi alimkuta shemeji amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anatabasamu peke yake.

"Shemeji, umeiona?" akauliza. "Wanasema Mungu akitaka kukupa hakuletei barua. Mimi kaniletea ramani kabisa."

"Na mvua ikija, kakuletea na mtumbwi?"

"Usiniharibie siku. Miaka thelathini nimeinama, mgongo umekuwa kama ndoana. Wanunuzi wa viwanja wakija, nauza, nakaa."

Mgongo ule Bi Kamba aliujua. Lakini bonde nalo alilijua.

Mkutano wa wananchi ulifanyika Jumamosi katika ukumbi wa shule. Watu wa mtaa mpya walikaa kushoto, wakulima kulia, bila mtu kuwapanga. Mbele alisimama afisa mipango wa mji, mwanamke mwembamba mwenye penseli sikioni, akaeleza kwamba mji unakua na watu wanahitaji pa kulala. Aliongea vizuri, bila maringo.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mwenyekiti wa mtaa mpya. Alikuwa amestaafu ualimu mkuu zamani, ila kila mtu bado alimwita Mwalimu Mkuu, naye hakuwahi kumkataza yeyote.

"Sisi tunaunga mkono mpango kwa asilimia mia," alisema. "Tumechoshwa na harufu ya samadi. Tumechoshwa na mbu. Shamba na mji havikai chungu kimoja."

Upande wa kulia kukaanza kelele. Bi Kamba akasimama, akangoja kelele ziishe zenyewe.

"Mimi sikatai nyumba," alisema. "Binti yangu amepanga chumba kimoja na watoto watatu, mkubwa anasomea kitandani na mdogo anasomea mlangoni. Nyumba zinatakiwa, tena haraka. Ninachokataa ni mahali. Mmeweka nyumba kwenye maji na mmeacha mawe yakae bure. Hiyo picha ya angani mliyochorea ramani ilipigwa lini?"

Afisa mipango akapekua karatasi. "Mwezi wa kiangazi," alijibu polepole.

"Basi mmemchora mtu akiwa amelala, mkasema hana meno. Kesho saa moja asubuhi njoo shambani. Na Mwalimu Mkuu naye aje, tumwonyeshe mbu wake wanapotoka."

Watu wakacheka pande zote mbili. Afisa mipango hakucheka. Aliandika saa moja kwenye kiganja chake.

Asubuhi walikuja wote wawili, afisa na mabuti, Mwalimu Mkuu na mwavuli ingawa mbingu zilikuwa safi. Shemeji alifuata nyuma, mikono kiunoni, kama mwenye nyumba anayekaguliwa. Bi Kamba alishika jembe akachimba katikati ya bonde. Udongo ulitoka mweusi, mzito. Kabla shimo halijafika gotini, maji yakaanza kujikusanya chini yake, taratibu.

"Na huu ni mwezi gani?" akauliza.

"Bado ni kiangazi," alisema afisa mipango. Alichuchumaa, akatia mkono ndani ya shimo mpaka kwenye kiwiko. Kisha walipanda kilimani, na huko jembe likagonga jiwe kwa pigo la kwanza, likalia kama kengele. Bi Kamba akavuta kamba yake kutoka kwenye mwamba hadi bondeni, akamwonyesha mteremko kwa mafundo: fundo kwa fundo, hatua kwa hatua, hadi afisa mipango akaanza kuhesabu mwenyewe, midomo ikimchezacheza.

Waliporudi chini, walifuata mfereji wa zamani uliopita kando ya kabichi. Ulinyooka vizuri, kisha ukafa ghafla kwenye ukuta wa matofali. Mbele ya ukuta palikuwa na dimbwi la kijani lenye viluwiluwi.

"Hawa ndio mbu wako," alisema Bi Kamba. "Kabla ya ukuta, maji yalipita hapa yakaenda zake mtoni. Ng'ambo ya ukuta huu ni nyumba ya nani?"

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Yangu."

"Chumba cha nyuma rangi inabanduka?"

Alikuwa mtu aliyezoea kuuliza maswali, hakuzoea kuulizwa. "Nimepaka mara nne," alikiri. "Fundi anasema ni rangi mbaya."

"Rangi haina kosa. Ukuta wako una kiu, Mwalimu. Unakunywa maji yetu."

Shemeji akaangua kicheko, na Mwalimu Mkuu, baada ya kujizuia kidogo, akacheka pia.

Afisa mipango alikuwa ameshafungua ramani juu ya toroli. Alichomoa penseli sikioni. "Mimi siogopi kufuta," alisema. "Nyumba naweza kuzipandisha kilimani, msingi wa huko utakuwa imara na barabara itakuwa fupi. Bonde libaki la kilimo. Lakini, mama, nasogeza mistari tu. Siwezi kusogeza mali ya mtu. Kilima ni chako, na sehemu kubwa ya bonde ni ya huyu bwana."

Kicheko cha shemeji kikakatika. "Yaani mimi nabaki na matope?"

Akaondoka bila kuaga.

Bi Kamba alikaa mchana kutwa kilimani. Hapo mumewe alikuwa amekusanya mawe ya msingi, akayapanga mafungu manne, moja kila pembe ya nyumba ambayo hakuwahi kuijenga. Kwa miaka tisa Bi Kamba alikuwa akijiambia ataijenga yeye. Sasa alizunguka mafungu yale, akaona kitu alichokuwa akikikwepa: hakuwahi kuitaka nyumba ya huku juu. Alimtaka mtu aliyeipanga. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga, akateremka kwa shemeji.

"Tubadilishane," alisema hata kabla ya kukaa. "Wewe chukua kilima, mimi nichukue bonde lako. Hatua kwa hatua, kamba ile ile."

Shemeji alimtazama kama anayeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Unaniachia pa kaka?"

"Kaka yako angekuwa hai, angekuona unavyotembea, angekupa mwenyewe. Uza, kaa, pumzisha mgongo."

"Na mawe yake?"

"Yatumie. Yakikaa bila nyumba yananitazama."

Shemeji alisugua goti. "Wewe mwanamke," alisema, "kaka alisema kukuoa wewe ni kupangwa kwenye mstari. Sikujua na mimi nimo." Akanyoosha mkono.

Mkutano wa pili haukuwa mtamu wote. Mtu mmoja wa mtaa mpya alitaka bonde liwe bustani ya kupumzikia, na Bi Kamba alimwambia kabichi hazimzuii mtu kupumzika. Kwa upande wake alilazimika kukubali lundo la samadi lihamishwe mbali na ukuta, na lisitawanywe siku za mwisho wa wiki. Alikubali kwa kununa, kwa sababu walikuwa na haki. Kisha Mwalimu Mkuu akasimama, akasema nyumba yake ndiyo iliyo mbele ya maji, basi ukuta utobolewe hapo hapo na mfereji upitishwe kwenye bomba chini ya uwanja wake. "Na nani ana neno?" aliuliza kwa sauti ile ya zamani ya darasani. Kura ikapigwa, mikono ya kukubali ikanyooshwa kushoto na kulia. Waliokataa walikuwa sita.

Mvua za mwaka uliofuata zilipiga kwa hasira siku kumi mfululizo. Bonde lilijaa, likanywa, likatoa maji yake mtoni. Rangi ya Mwalimu Mkuu ilishika. Kilimani kulikuwa na nyumba ishirini zilizokwisha kuezekwa, na katika ya tatu kutoka barabarani aliishi binti yake Bi Kamba, vyumba viwili na jiko, watoto kila mmoja na meza yake.

"Mama!" binti aliita kutoka juu siku hiyo ya kumi na moja, jua limetoka, nguo zimeanikwa. "Chakula tayari, kinapoa!"

"Tangulieni!" Bi Kamba alijibu, miguu ikiwa ndani ya mfereji, jembe mkononi. "Maji ndiyo kwanza yameingia kwenye vitunguu."